Macho ya Dada wa Chupa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeliumba jicho akaliwekea kope, ili kiumbe ajue wakati wa kutazama na wakati wa kuinamisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, watu wa nyumba yake na sahaba zake. Namshukuru Mola kwa umri alionipa, kwa meno machache aliyoniachia, na kwa macho yangu mwenyewe, ambayo mchana bado yanausoma msahafu bila miwani. Baada ya shukrani hiyo, naandika habari ya dada yangu, nikiomba nisizidishe wala nisipunguze.

Dada yangu ndiye aliyekuwa kwenye chupa. Watu wa rika langu hapa Tanga nikiwaambia hivyo hawaulizi tena, lakini kwa vijana inanibidi nieleze. Tulipokuwa wasichana palikuwa na kiwanda kidogo cha mafuta ya nazi, mali ya familia moja yenye asili ya Omani iliyokuwa na mashamba ya minazi upande wa Moa. Mafuta yenyewe yalikuwa ya nywele, yametiwa harufu ya asumini. Kwenye chupa palibandikwa karatasi ya kijani yenye picha ya msichana aliyeketi juu ya mbuzi, kanga kichwani, anakuna nazi. Hakupewa jina. Watu wakamwita Dada wa Chupa.

Aliyemchora alikuwa kijana wa mtaa wa Mabawa, mchora mabango ya maduka, aliyewahi kusoma kwa baba yetu. Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nyumbani kwetu picha haikuwa jambo dogo. Alitufundisha kwamba mwenye kuchora kiumbe ajiandae kuulizwa habari ya roho yake. Kijana alipokuja kuomba ruhusa amchore dada, baba alikataa. Akaja tena akiwa na mwenye kiwanda, mtu aliyeheshimika. Baba akafikiri, vidole vikihesabu tasbihi, kisha akasema neno ambalo dada na mimi tulilisikia tukiwa nyuma ya mlango.

"Mchore akiitazama kazi yake. Asimtazame mtu."

Ikawa hivyo. Dada wa Chupa aliinama juu ya nazi yake, kope zimeshuka, na hakuna mtu pwani yote hii aliyewahi kuyaona macho yake. Wavulana mtaani walimtania dada akipita: "Dada, hiyo nazi haiishi tu?" Naye alipita kimya, ameinama vilevile kama kwenye chupa, jambo lililowachekesha zaidi. Baadaye mchoraji alimposa, na baba akamkubalia. Katika ndoa yao yote shemeji yangu alikuwa na kauli moja ya kujivunia, akiisema mbele yetu bila haya: mji mzima umeona kope, macho nimeyaona mimi.

Kiwanda kilikufa kama vilivyokufa viwanda vingi. Chupa zikawa za kuwekea mafuta ya taa, kisha zikapotea. Mimi nikawa nafundisha watoto Kurani barazani kwangu, dada akalea, na maisha yakaenda kwa rehema za Mungu, na kwa msiba pia. Binti yake wa pekee, aliyeolewa Moa, alifariki akijifungua. Mtoto alibaki hai, wa kike, dada akamchukua akamlea, na ndiye mjukuu aliyekuwa akiishi nao Mabawa, jirani na kwangu, wakati wa mambo haya.

Mjukuu huyo alisoma Dar es Salaam, akarudi na elimu ya biashara ya mitandaoni. Kampuni moja ilikuwa imeyanunua mabaki ya kile kiwanda na kuanza tena kutengeneza yale mafuta, ikamwajiri ashughulikie kurasa zake. Wakubwa wake walitaka kuwafikia mabinti wa siku hizi, wale ambao hawatazami bango wala hawasikilizi redio, ila simu tu. Wakaamua kumrudisha Dada wa Chupa, safari hii akiwa anatembea na kusema. Mjukuu alikuja na habari hiyo akiwa na furaha, akamwomba babu yake ridhaa.

Shemeji alikuwa amelala, maradhi yameshamla nusu. Alicheka mpaka akakohoa. Akamwambia wampe kanga mpya wakitaka, wampe na bangili, ila macho yabaki chini. Mjukuu akaahidi. Wiki hiyohiyo shemeji alitangulia mbele ya haki, Mungu amsamehe na ampanulie kaburi lake, na dada yangu akaingia eda.

Kwa asiyejua mila yetu, mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajipaki manukato, hatoki ila kwa dharura, na wanaume wasio ndugu zake hawamwoni. Ni muda wa dhikri na wa moyo kutulia. Nilihamia kwake ili asiwe peke yake. Nilipika, nilisoma naye Yasini, na watoto wa chuo wakawa wanakuja kusomea uani kwake. Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kimoja tu: dada yangu aingie katika ile eda na moyo wake, na atoke nao.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa watoto. Binti mmoja, mwanafunzi wangu, aliacha kusoma katikati ya aya na kugeuka nyuma. Nikamuuliza kuna nini. Akasema alidhani Dada wa Chupa anamtazama. Wenzake hawakucheka. Mmoja akasema dada yake hulaza simu kifudifudi kabla ya kulala. Nikawaambia Dada wa Chupa hamtazami mtu, ndivyo alivyochorwa, nami namjua. Wakatazamana, wakanionea huruma kama watoto wanavyomwonea huruma mzee asiyejua habari.

Siku chache baadaye jirani yetu wa ukuta mmoja alikuja kumjulia hali mfiwa. Ni mwanamke mwema, lakini mdomo wake hautulii. Alikaa mkekani, akatoa simu, akasema, "Shoga, wewe umo ndani na bado unatembea mjini." Akamwekea dada ile simu mapajani.

Nilisogea nione. Msichana alikuwa juu ya mbuzi, kanga ya kijani, mkono unakwenda na kurudi, na sauti ya kukuna ilisikika vizuri kama inatoka jikoni kwetu. Kisha sauti ikakatika. Mkono ukasimama. Kichwa kikainuka taratibu, na msichana akatutazama. Hakutabasamu kwanza. Alitutazama kama mtu aliyeitwa kwa jina, ndipo akasema karibuni wapenzi, tutunze nywele zetu.

Jirani alicheka akasema ni yeye kabisa, tangu mkono hadi shingo. Dada yangu hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Mkono ni wangu. Macho ni ya mwanangu."

Jirani akaichukua simu yake, na haukupita muda akakumbuka kwamba ana chungu motoni.

Mwanzoni nilijiambia ni huzuni, mfiwa huona mengi. Lakini jioni ile dada alimwomba mjukuu simu. Kesho yake akaiomba tena. Ikawa kila baada ya alasiri, muda tuliokuwa tukisoma pamoja, yeye anakaa na simu mkononi, msahafu umefungwa pembeni. Anamsubiri msichana akune, asimame, ainue uso. Kisha anairudisha mwanzo. Nikikuna nazi uani nami nikapumzika kidogo, dada kule chumbani huinua kichwa na kuutazama mlango. Nikajifunza kukuna bila kusimama, hata mkono ukiniuma.

Sikumnyang'anya simu. Nimefundisha watoto miaka mingi, na najua kitu ukimpokonya mtu hukishika kwa moyo badala ya mkono. Niliomba dua, nikangoja. Kumbe lilikuwepo kubwa kuliko kutazama. Kampuni ilikuwa imemwekea yule msichana uwezo wa kujibu. Ukimsemesha, anakujibu, yeye au mtambo wao, sijui niseme nani. Mabinti walimuuliza habari za nywele, na wengine, nilivyosikia, walimweleza hata habari za wachumba wao. Siku moja nikiwa nyuma ya pazia na bakuli la uji nilimsikia dada akiiambia simu, "Mwanangu, upo?"

Jibu likaja kwa sauti ya msichana, laini, bila kusita. "Nipo. Nakusikiliza."

Bakuli nililiweka chini. Walioondoka wako mikononi mwa Mola wao, hawaitiki kwa mafuta ya nywele. Hilo dada yangu alilijua kabla yangu, maana tulisoma kwa baba mmoja. Lakini nilipoingia alinitazama kama mtu aliyekatizwa mazungumzo, akaniuliza kama naweza kurudi baadaye. Nikaelewa kwamba eda ile ikiisha atatoka mwili tu.

Nilimwita mjukuu kwangu, nikamkalisha, nikamuuliza taratibu yale macho yametoka wapi. Hakuficha. Alisema wakubwa wake hawakupenda kope kushuka. Mabinti mtandaoni walimwona msichana mnyonge, aliyeonewa, wakasema hawanunui huzuni. Amri ikatoka kwamba ainuliwe uso, na kama hana macho watamtafutia ya msichana yeyote. Naye alikuwa na picha moja. Marehemu mama yake, kabla ya mimba, alitaka kuvuka mpaka wa Horohoro kwenda kuwaona ndugu wa mumewe Mombasa, akapigwa picha ndogo ya hati ya kusafiria. Mpiga picha alimwamuru atazame mbele, naye akatazama. Ndiyo picha pekee iliyobaki ambayo ndani yake anamtazama mtu.

Nikamwambia, babu yako alikuachia neno. Akasema anajua. Nikamuuliza sasa kwa nini. Alilia kwanza, ndipo akajibu.

"Bibi, mimi mama hajawahi kunitazama. Nilitaka mara moja tu."

Nilimwita nimkemee, nikabaki namshika kichwa. Alikuwa amewafungulia watu wasiojulikana, mjini na nje ya mji, jicho la marehemu, kwa kiu ya mtoto. Nikamwomba jambo moja: aende akawaombe wakubwa wake wamrudishe Dada wa Chupa alivyokuwa. Akaenda. Akarudi na jibu kwamba haiwezekani, maana tangu msichana ainue uso ndipo vijana walipoanza kununua. Badala yake walitaka kuja kuzungumza na bibi mwenyewe.

Walikuja wawili, kijana wa kiume na wa kike, wamevaa kwa heshima, nami nikawapa kahawa barazani. Dada alibaki chumbani, mlango wazi, pazia limeshushwa. Walitoa shikamoo zao kupitia pazia, naye akaitikia, "Marahaba, wanangu." Kijana wa kiume alikuwa na ulimi mtamu. Aliweka simu yake juu ya ukingo wa baraza, akaeleza kwamba eda ikiisha wangependa kumpiga picha bibi akiwa juu ya mbuzi, anakuna, anasimama, anainua uso, kisha bibi na yule msichana watazamane. Alisema watu watalia. Alilisema hilo kama habari njema.

Dada akasema kutoka ndani, bila hasira, "Kama mnaweza kunirudishia mwanangu, mleteni mzima. Kama hamwezi, mrudisheni chini atazame nazi yake."

Yule wa kike aliinamisha kichwa. Wa kiume alisema wameelewa, watalifikisha. Akachukua simu yake ukingoni, nami ndipo nilipoona taa ndogo nyekundu juu ya kioo chake. Sikujua maana yake. Naandika hili wengine wajue.

Usiniulize kwa nini dada aliendelea kuitaka simu baada ya maneno yale. Ulimi ulikuwa umesema haki, lakini moyo ulibaki ulipo. Jioni ileile aliuliza tena, upo? Na tena akajibiwa. Nilipunguza chakula changu, nikazidisha sala. Watoto wa chuo nikawahamishia kwangu, kwa sababu binti yule alikuwa hataki tena kukaa mahali ambapo mlango wa chumba uko nyuma yake.

Kisha ikaja alasiri ya jambo lenyewe. Mjukuu alikuwa kazini na alimwachia bibi yake simu. Mimi nilikuwa chumbani, nashona. Dada alimngoja msichana akune. Sauti ikakatika, kichwa kikainuka, macho yakatutazama. Na msichana akafungua kinywa akasema:

"Marahaba, wanangu."

Ilikuwa sauti ya dada yangu, ya kizee, yenye kikohozi kidogo mwishoni. Sauti ya mjane aliye ndani ya eda, iliyochukuliwa ukingoni mwa baraza, sasa inaitikia salamu za mji mzima kutoka kinywani mwa msichana mwenye macho ya marehemu. Nilimgeukia dada nikitarajia apige yowe au azimie.

Hakufanya hivyo. Alimtazama msichana kwa muda, uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama mtu anayetoka jua kali kuingia ndani na kuanza kuviona vitu. Akaniambia, "Mdogo wangu, mwanangu hakuwa na sauti hii. Hii ni yangu." Akaongeza, "Basi na lile 'nipo' nalo si lake."

Akaigeuza simu kifudifudi mkekani, akaniomba maji ya kutawadha. Tuliswali, na baada ya swala aliufungua msahafu pale tulipoachia. Alhamdulillahi. Mtego walioutega wao kwa tamaa ndio uliomnasua dada yangu katika mtego mwingine.

Mjukuu aliposikia ile sauti aliacha kazi siku hiyohiyo. Alidhani akiondoka, na msichana ataondoka. Lakini ukurasa si wake, wala picha si yake tena. Aliyechukua nafasi yake yuko mji mwingine na hatujui. Tuliandika kuomba, tulituma watu wazima kuzungumza, na tuliahidiwa. Ahadi ipo mpaka leo.

Eda ikaisha kwa salama. Tulimwogesha dada, tukamvisha, wanawake wa mtaa wakaja na udi na wali wa nazi. Jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye tangu siku ile alikuwa anaingia kwa adabu, alimletea chupa mpya ya mafuta akiwa hana nia mbaya. Msichana alikuwa kwenye karatasi ya kijani, uso juu. Dada aliipokea, akamshukuru, akaiweka pembeni mwa dirisha, picha ikielekea ukuta. Akamwita mjukuu.

Mjukuu alikuwa amekaa pembeni, amekonda. Sisi wote tulikuwa tumemhofia dada, na hakuna aliyeuliza yeye anaifanyia nini simu yake akijifungia. Dada alimkalisha mbele yake, goti kwa goti, akamshika kidevu. Yule mwanamke aliyepita mitaa yote ya mji huu ameinama aliinua kope zake mbele ya watu.

"Nitazame mimi," akamwambia. "Mama yako alikuwa na macho gani? Aliyachukua kwangu. Nami nakutazama tangu siku uliyozaliwa."

Walitazamana mpaka wanawake tukaanza kuangalia chini sisi. Sijui binti aliona nini. Alilaza kichwa mapajani mwa bibi yake, akalala pale kama mtoto mchanga, na mkono wake ukaachia simu.

Ningependa kumalizia hapo. Lakini nimeahidi kutopunguza. Nilikwenda uani kupakua wali, na kutoka upande fulani wa mtaa nikasikia nazi inakunwa. Mkono ulikwenda ukirudi, kwa mwendo sawasawa. Kisha ukasimama. Nilibaki na mwiko hewani nikingoja uendelee, maana mpishi wa kweli hupumzika akaendelea. Nilingoja kitambo. Haukuendelea.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe macho yanayojua pa kutua na moyo usioita wasioweza kuitika. Awarehemu marehemu wako, awafunike kwa sitara yake isiyoweza kufunuliwa na mtu. Na wale ulio nao nyumbani, akujaalie uwatazame leo, wakiwa bado wanaweza kukutazama. Amina.